Uhifadhi na Uonyeshaji wa Mkokoteni wa Kale wa Ng'ombe katika Shinyanga na Geita

Mkokoteni wa shamba unaovutwa na farasi, ambao katika Ulaya na Marekani umepewa nafasi ya heshima katika majumba ya makumbusho ya kilimo, haukupata makao katika nyanda za Shinyanga na Geita, na sababu yake kubwa ni mbung'o, ambaye wengi humwita ndorobo, inzi anayeeneza vimelea vya nagana, maradhi yanayomwangamiza farasi kwa urahisi zaidi kuliko ng'ombe wa asili. Shinyanga yenyewe ilikuwa makao makuu ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938 na ambaye jina lake limebaki katika aina mojawapo ya inzi hao, *Glossina swynnertoni*. Na ni katika nyanda hizo ambako mapori yalifyekwa kwa wingi ili mbung'o akose kivuli cha kuzalia. Kwa hiyo kazi iliyofanywa kwingineko na farasi ilifanywa hapa na maksai, yaani madume ya ng'ombe yaliyohasiwa na kufunzwa kuvuta, na katika sehemu nyingine na punda. Anayetaka kuhifadhi gari la kale la shamba katika ukanda huu hana budi kuanza na mkokoteni wa ng'ombe, na mwongozo huu unahusu chombo hicho.

Mkokoteni unaozungumziwa ni wa magurudumu mawili, wenye bodi la mbao lililokaa juu ya ekseli, ambayo ni mhimili wa chuma unaobeba magurudumu, na wenye mti mrefu wa mbele unaofungwa kwenye nira, nayo nira ni boriti inayolazwa juu ya shingo za maksai wawili na kushikiliwa kwa vijiti na mikanda ya ngozi. Historia yake haitenganishwi na plau wala na pamba. Reli iliyotoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza mwaka 1928 na kuifungulia pamba ya Usukuma njia ya kwenda pwani. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashamba yalipanuka. Na vuguvugu la ushirika lililozaa mwaka 1955 shirikisho la vyama la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri, lilichochewa kwa sehemu kubwa na malalamiko ya wakulima juu ya mizani ya wanunuzi. Katika masimulizi ya ushirika husemwa mengi juu ya mizani na bei, na machache mno juu ya chombo kilichoyafikisha magunia mzanini. Chombo hicho ndicho kilichobeba pia mapipa ya maji, kuni, tofali, mgonjwa aliyepelekwa zahanati na mahindi yaliyorudi nyumbani, na kila mzigo uliacha alama yake kwenye mbao na vyuma. Alama hizo ndizo thamani ya mkokoteni wa kale, na kila shauri litolewalo katika kurasa hizi linalenga kuzilinda.

Hapo ndipo inapofaa kutofautisha maneno matatu ambayo mafundi huyachanganya. Uhifadhi ni kuzuia chombo kisiendelee kuharibika, bila kukibadilisha sura. Ukarabati ni kukirudishia uwezo wa kufanya kazi. Na urejeshaji ni kukirudisha katika sura kilichokuwa nayo wakati fulani uliopita. Mkokoteni wa kuonyeshwa unahitaji uhifadhi mwingi, urejeshaji kidogo, na ukarabati pale tu ambapo chombo kingeanguka kisipotengenezwa. Kosa linalotendeka mara nyingi, na kwa nia njema kabisa, ni la mwenye mali anayempelekea fundi mkokoteni wa babu yake akimwomba aufanye uwe mpya: mbao zinarandwa, vyuma vinapakwa rangi ya fedha, bodi linapigwa vanishi hadi linang'aa, na mwishowe kinachosimama uani ni mkokoteni mpya usio na la kusimulia.

Suala la mkokoteni upi unastahili kuhifadhiwa linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa wengi hudhani kwamba ni ule wa magurudumu ya mbao yaliyovishwa pete ya chuma tu uwezao kuitwa wa kale. Dhana hiyo haifai. Mkokoteni uliozoeleka zaidi katika Usukuma ni ule uliotengenezwa na fundi wa kijijini juu ya ekseli ya gari bovu, pamoja na ringi na matairi yake, na ubunifu huo wa kuchukua mabaki ya lori au gari dogo na kuyageuza kuwa uti wa mgongo wa usafiri wa shamba ni sura kamili ya historia ya ufundi wa nchi hii. Ipo pia mikokoteni iliyosanifiwa na taasisi za zana za kilimo, kama CAMARTEC ya Arusha iliyoundwa mwaka 1981, na ipo ambayo beringi zake, yaani vikombe ambamo ekseli huzungukia, ni vipande vya mti mgumu vilivyolowekwa mafuta. Aina zote hizo ziko hatarini kwa namna moja: wanunuzi wa vyuma chakavu huzichukua ekseli, mbao huishia jikoni, na katika machimbo madogo ya Geita, ambako kila duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huhitaji matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, boriti imara haikosi mtu wa kuitaka.

Kabla ya kugusa tambara au brashi, mkokoteni uandikwe. Upigwe picha kutoka pande nne, kutoka juu na kutoka chini ya bodi, kisha kila kiungo kipigwe peke yake kikiwa na rula pembeni. Vipimwe urefu wa bodi, upana baina ya magurudumu, kipenyo cha gurudumu na unene wa mti wa mbele. Na kila kipande kitakachofunguliwa kifungwe kibandiko chenye namba inayolingana na namba iliyoandikwa kwenye mchoro. Vyuma vichunguzwe kwa tochi inayomulikwa kwa ubavu, maana mwanga wa ubavu huibua herufi zilizofifia, na chapa ya kiwanda iliyokutwa kwenye ekseli au ringi inaweza kuonyesha aina ya gari ilikotoka na hivyo kusaidia kukisia umri wa mkokoteni kwa uhakika zaidi kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja. Kumbukumbu nazo ziandikwe wakati wenye nazo wangali hai: nani aliutengeneza, mti ulitoka wapi, njia gani ulipita, mzigo gani ulibebwa katika msimu upi, maksai waliitwa kwa majina gani, nani alitembea mbele kuwaongoza na nani alikaa nyuma. Masimulizi ya wazee yarekodiwe kwa Kisukuma, Kizinza au lugha yoyote waliyoizoea, kwa kuwa majina ya vipande vya nira na ya rangi za ng'ombe hupatikana kwa ukamilifu katika lugha hizo, na tafsiri ya Kiswahili iandikwe baadaye kando yake.

Hatua inayofuata ni ya usalama, na katika Geita haipaswi kuharakishwa. Mkokoteni uliowahi kubeba mawe ya dhahabu kwenda kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, au uliosomba marudio, ambayo ni mchanga unaobaki baada ya dhahabu kukamatwa, unaweza kuwa na vumbi lenye zebaki katika nyufa za mbao, na zebaki hutoa mvuke wenye sumu hata katika joto la kawaida, huku moto ukiuzidisha sana. Mkokoteni wa namna hiyo haufagiliwi ukiwa mkavu ndani ya chumba, haupulizwi kwa upepo wa kompresa, na mbao zake zilizooza hazichomwi kamwe. Hupanguswa nje, mahali penye hewa, kwa kitambaa chenye unyevu, na anayefanya kazi hiyo huvaa glavu na barakoa, kisha vitambaa vyake huwekwa kwenye chombo kinachofungwa na kukabidhiwa kwa ushauri wa maofisa wa mazingira. Barakoa ya kawaida huzuia vumbi lakini haizuii mvuke wa zebaki, kwa hiyo pale ambapo matone yenyewe yanaonekana, kazi isimame mpaka mtaalamu apatikane. Mikokoteni ya Shinyanga ina hatari yake pia: iliyobeba viuatilifu vya pamba inaweza kuwa na mabaki ya dawa hizo, na rangi za zamani huenda zina risasi, hivyo kuzipiga msasa mkavu ni kuivuta sumu hiyo kwa mapafu.

Mkokoteni usio na hatari hizo huanza kusafishwa kwa brashi laini ya manyoya, kutoka juu kwenda chini, na tope gumu hulainishwa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo na kuondolewa kwa kijiti cha mianzi. Maji mengi hayafai, kwa kuwa mbao hufura zinaponyonya maji na kusinyaa zinapokauka, na mwendo huo wa kufura na kusinyaa hufanyika zaidi kwa upana wa ubao kuliko kwa urefu wake, kiasi cha kufungua viungo na kupasua mbao kandokando ya misumari. Mashine ya kuoshea magari kwa maji ya nguvu inaweza kuondoa kwa dakika chache kile ambacho miaka hamsini ya kazi ilikiandika. Vilevile si kila uchafu ni uchafu: doa jeusi la grisi kuzunguka beringi, mng'ao wa mti wa mbele mahali uliposhikwa na mikono, na mikwaruzo ya vyuma vya mapipa kwenye sakafu ya bodi ni ushahidi, na huachwa.

Adui mkubwa wa mbao katika ukanda huu ni mchwa, akifuatwa na wadudu wadogo wanaotoboa mbao na kuacha unga mwembamba. Desturi iliyoenea ya kupaka oili chafu, yaani mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, haifai kwa chombo cha kuonyeshwa: huufanya mti uwe mweusi usiosomeka, hubaki ukinata na kukusanya vumbi, na huingiza katika mbao uchafu wa metali ambao hautatoka tena. Njia bora zaidi ni myeyusho wa boraksi, chumvi yenye boroni inayowaua wadudu na kuvu, ambao hupakwa kwa brashi juu ya mbao safi zisizo na rangi. Lakini kwa sababu boraksi huyeyuka na kuondoka na maji, hufaa tu kwa mkokoteni utakaowekwa chini ya paa. Mbao zilizokauka kupita kiasi zinaweza kupakwa tabaka moja jembamba la mafuta ya kitani na ziada yake ipanguswe baada ya muda mfupi. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandazwe nje mpaka yakauke au yalowekwe ndani ya maji, kwa kuwa yakirundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kushika moto bila kuwashwa, na karakana nyingi za maseremala hazijui kwamba hatari hiyo ipo.

Ubao uliooza hauondolewi wote ikiwa nusu yake ni nzima. Sehemu iliyooza hukatwa kwa mshazari hadi kufikia mti mgumu, kipande kipya cha mti wa aina ileile huchongwa kukaa juu ya mshazari huo, na viungo hufungwa kwa gundi ya mbao na vijiti vya mti badala ya bolti mpya zinazotoboa upya. Mti hutambuliwa na seremala mzoefu, iwe ni mninga, mkola au mti mwingine wa miombo na mbuga, na unaponunuliwa risiti na kibali chake vitakiwe, maana uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu unasimamiwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu ziko katika mikoa yote miwili. Upande usioonekana wa kila kipande kipya uandikwe mwaka wa kazi kwa chuma cha moto au patasi. Kanuni hiyo ya kufanya kipya kipatane na cha kale bila kujifanya cha kale imo katika Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, uliotungwa kwa ajili ya majengo na maeneo ya kihistoria, na inauhusu mkokoteni wa Kahama au Bukombe kwa uzito uleule. Viraka vilivyopigwa na wenye mkokoteni wenyewe wakati wa kazi, hata kikiwa kipande cha bati la paa au waya uliofungwa ovyo, ni sehemu ya maisha yake na haviondolewi.

Kwa upande wa vyuma, kutu inayobanduka kwa magamba huondolewa kwa brashi ya waya inayoshikwa mkononi, lakini kutu iliyoshikamana na kuwa ngozi ya kahawia iliyokolea huachwa, kwa kuwa kuikwangua mpaka chuma cheupe huondoa chapa na alama za nyundo. Kisha chuma hupakwa asidi ya taniki, iliyo katika jamii ya tanini zinazopatikana katika maganda ya migunga na kutumiwa na watengeneza ngozi, nayo huigeuza kutu kuwa tabaka jeusi tulivu. Ikikauka, hufuatishiwa nta ya nyuki iliyolainishwa, bidhaa isiyokosekana katika nchi hii ya wafuga nyuki. Bolti iliyoganda hulowekwa mafuta ya taa kwa siku kadhaa na haikatwi kwa gesi. Ikiwa ipo sehemu ya chuma iliyovunjika, kumtafuta mfua vyuma anayefanya kazi kwa mvukuto na nyundo ni bora kuliko kumwita wa kuchomelea, kwa sababu joto la kuchomelea huunguza mbao jirani na kuacha mshono ambao mkokoteni huo haukuwa nao. Na eneo hili lina urithi wake katika fani hiyo, kwani Warongo wa Uzinza, ambao nchi yao inaingia katika mkoa wa sasa wa Geita, waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukuma muda mrefu kabla ya plau kufika.

Matairi ya mpira hayawezi kuokolewa kwa muda mrefu, maana mpira hupasuka kwa jua na kwa uzito. Kinachowezekana ni kuuondolea uzito: ekseli inyanyuliwe na kukaa juu ya vigingi imara vilivyopakwa rangi isiyovuta macho, magurudumu yabaki yakining'inia sentimita mbili au tatu juu ya sakafu, na mti wa mbele uwe na tegemeo lake ili bodi lisiinamie upande mmoja. Mikanda ya ngozi ya nira isilowekwe mafuta, kwa kuwa mafuta mengi huiozesha na kukusanya vumbi. Ikiwa imekakamaa, iachwe katika umbo lake, na nira itundikwe kwa mikanda mipya.

Mahali pa kuonyeshea huamua kama kazi yote hiyo itadumu. Udongo mweusi wa mbuga, unaofahamika vyema kwa wakulima wa Shinyanga, hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na sakafu iliyojengwa juu yake bila msingi wa kina hugawanyika vipande katika misimu michache, na mchwa hupanda kupitia nyufa hizo hizo. Kwa hiyo kiwanja kichaguliwe penye udongo wa kichanga wa mwinuko, ambao Wasukuma huuita luseni, na ikishindikana, udongo wa mbuga uchimbwe na kujazwa moramu iliyoshindiliwa kabla ya zege kumwagwa. Banda lililo wazi, lenye paa pana linalozidi nguzo kwa mita moja au zaidi, linafaa kuliko chumba cha mabati kilichofungwa, ambacho joto lake la mchana hupasua mbao. Kwa kuwa Shinyanga na Geita ziko kusini kidogo tu mwa Ikweta, jua kali la asubuhi na jioni huingia kutoka mashariki na magharibi, hivyo pande fupi za banda zielekezwe huko na kuzibwa kwa ukuta wa tofali, huku pande ndefu zikiachwa wazi au kuwekewa wavu. Geita, kwa ukaribu wake na Ziwa Victoria, hupata mvua nyingi kuliko Shinyanga, na huko mfereji wa kuondoa maji kuzunguka banda ni wa lazima.

Ikiwa familia haina uwezo wa kujenga banda, kuukabidhi mkokoteni kwa taasisi ni uamuzi wa heshima. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, yaliyoanzishwa na Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, tayari yanaonyesha maisha ya nyumbani, utemi na ufundi wa mfua chuma, na shule, vyama vya msingi vya ushirika na halmashauri pia zinaweza kuwa walezi wazuri. Makabidhiano yaandikwe, yakionyesha kama ni zawadi au azima, na nani atalipia matunzo. Atakayeombwa kuuza mkokoteni nje ya nchi akumbuke kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inadhibiti utoaji wa vitu vya kale na vya utamaduni nje ya mipaka, na kwamba idara husika iulizwe kabla ya makubaliano yoyote.

Maelezo yatakayobandikwa kando ya mkokoteni yawe mafupi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji wa mahali hapo, na yaseme mambo ambayo jicho haliyaoni: jina la fundi kama familia imeridhia litajwe, kijiji, miaka ya kazi, mzigo mkubwa na njia uliyopita, na ni vipande vipi vilivyo vipya. Ramani ndogo inayoonyesha shamba, kisima, mzani wa chama na kituo cha reli humfundisha mwanafunzi zaidi ya aya tatu za maneno. Katika sikukuu, kama Bulabo inayoadhimishwa Bujora mwezi Juni au maonyesho ya Nanenane ya Nyakabindi na Nyamhongolo, hushawishi sana kuuona mkokoteni wa kale ukivutwa tena na maksai. Linalofaa ni kutengeneza nakala kwa vipimo vilivyochukuliwa na kuifanyisha kazi hiyo, kwa sababu mtikisiko wa nusu siku juu ya barabara ya changarawe unaweza kuvunja viungo ambavyo vingedumu miongo mingi katika utulivu, na nakala hiyo itawapa mafundi vijana nafasi ya kujifunza kazi yenyewe.

Ukaguzi ufanywe mara mbili kwa mwaka, mwezi Oktoba kabla ya mvua na mwezi Juni baada yake, na matokeo yaandikwe katika daftari linalokaa bandani. Mkaguzi atazame vichuguu vyembamba vya udongo kwenye vigingi na kuta, aguse miisho ya mbao ambako maji huingia kwanza, kisha afagie sakafu yote na kutandika karatasi nyeupe chini ya bodi na chini ya nira. Matundu ya wadudu peke yake hayathibitishi kwamba wadudu wangalimo, lakini unga mpya ukionekana juu ya karatasi baada ya wiki moja, kipande kilicho juu yake kifunguliwe na kutengwa siku hiyo hiyo, kabla ya kuanza kutafuta dawa.